Wao "haramu", wetu "hawana makaratasi"

Kinyozi wetu wa Pangani, hapa Nairobi, hakufungua duka Jumanne, na kufika saa nne asubuhi habari ilikuwa imeshafika mpaka kwa mama wa chapati, kwamba usiku kulikuwa na msako na jamaa amebebwa. Ni Mkongo, amekata nywele pale miaka sita hivi, Kiswahili chake ni kile cha Bukavu cha kuimba-imba, watoto wake wanasoma shule ya hapo chini tu. Basi sisi wateja tukabaki hapo nje na ndevu zetu tukaanza ile ngoma ya kila siku. Mzee mmoja akasema sheria ni sheria, kama hana karatasi arudishwe kwao, hii nchi si lojing'i. Mwingine akasema huyo ni mtu kama wewe, ana watoto, si muachane naye. Tukazunguka hapo karibu saa nzima, sauti zikapanda, mwingine akaingiza siasa, na ni baadaye nikienda steji ndio iliniingia kichwani kwamba hakuna hata mmoja wetu aliuliza jamaa amekosa karatasi gani.

Ndio maana hii debate haiishagi. Tunabishana kuhusu mtu mmoja na kumbe kwa hilo gunia kuna watu kama sita tofauti, alafu hata maswali yenyewe ni mawili na sisi tunayauliza kama ni moja.

Tuanze na neno. Redio na magazeti yetu husema "wahamiaji haramu", na tumelizoea mpaka hatulisikii tena. Lakini haramu kwa Kiswahili haikuzaliwa kortini, ni neno la msikitini na la jikoni, nguruwe ni haramu, riba ni haramu, na mtoto wa nje ya ndoa aliitwa mwanaharamu mpaka likabaki tusi la matatu. Sasa ukilibandika kwa mtu aliyepitisha deti ya pasi yake, unamtia uchafu ambao sheria yenyewe haijamtia. Mtu akiendesha gari bila leseni hatumwiti dereva haramu, tunasema hana leseni, kesho akiwa nayo mambo yameisha.

Na tunajua kusema vizuri tukitaka. Nenda kwa matanga yoyote huku Kiambu ama Kisii ama Vihiga, mama amefariki na kifungua mimba wake yuko Marekani tangu 2009 na hajakuja kuzika, anaangalia kwa simu. Emsii atashika maiki aseme kwa upole, "ndugu yetu angependa kuwa nasi lakini mnajua mambo ya makaratasi," na kina shangazi wote watatikisa kichwa, woi, maskini. Hakuna atasimama aseme huyo ni mhamiaji haramu. Na kisheria huko Marekani yuko mahali pale pale tulipomdhania kinyozi wetu, pengine pabaya zaidi, kwa sababu sheria yao ya 1996 inasema kwa ujumla ukikaa bila kibali zaidi ya mwaka mmoja alafu utoke mwenyewe, mlango unafungwa miaka 10. Kwa hivyo hakosi matanga kwa kiburi, akitoka ndio basi. Wa kwetu hana makaratasi, wa kwao ni haramu. Mimi mwenyewe nimesema hivyo miaka mingi na sikuwahi kujisikia.

Haya, sasa tufungue gunia.

Kinyozi wetu tukaja kujua ni muomba hifadhi, yaani alitoroka vita huko Kivu, akaingia, akajiandikisha, akapewa pasi ya muomba hifadhi akisubiri uamuzi. Huyu sheria inamlinda kuliko venye watu wengi wanafikiria. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1966, na kifungu cha 31 cha huo mkataba kinasema usimuadhibu mkimbizi kwa sababu ameingia bila ruhusa ikiwa ametoka moja kwa moja kwenye hatari na amejitokeza haraka kujieleza. Ukifikiria ni jambo la kawaida, mtu anayekimbia risasi hawezi kupanga foleni ya viza kwanza. Sheria yetu ya wakimbizi ya 2021 inampa siku 30 ajitokeze. Kwa hivyo yule aliyepita njia ya panya na yule aliyegongewa stempu uwanja wa ndege, wote wawili wakiomba hifadhi ipasavyo wako ndani ya sheria mpaka wajibiwe. Shida ya kinyozi ilikuwa ndogo na ya aibu: pasi yake iliisha Machi na miadi ya kuifanya upya amepewa ya Agosti. Hapo katikati ni nani? Ofisi inamjua, ina alama za vidole vyake kwa kompyuta, deti ya Agosti wao ndio walimpa, lakini kwa polisi wa usiku yeye ni pasi iliyoisha.

Alafu kuna hii nyingine inachanganya hata mawakili. Wakimbizi wa Kenya kwa mpango wa serikali wanatakiwa wakae kambini, Dadaab iliyofunguliwa 1991 ama Kakuma ya 1992, na ukitaka kutoka unaomba kibali cha safari. Nchi ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000, na karibu 100,000 wako Nairobi, wengine wameandikishwa hapa hapa mjini, wengine walikuja na basi tu kutafuta hospitali ama kazi. Kwa hivyo unapata mama ana kadi halali kabisa ya ukimbizi, akiwa Dadaab ni mtu wa sheria, akishuka basi Eastleigh bila kile kibali ameshakuwa mkosaji. Mtu ni yule yule na kadi ni ile ile. Mwisho wa 2012 serikali ilijaribu kuwaamuru wote wa mjini warudi kambini, Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, na wengine wakaenda korti, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaifuta ile amri, akasema serikali haijaonyesha uhusiano kati ya kuwaondoa watu wote hao na usalama iliyodai kulinda.

Tofauti kabisa na huyo ni kijana wa Burundi anayeuza njugu karanga na mayai. Huyu hakukimbia kitu ila njaa, na aliingia kwa mlango. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina itifaki ya soko la pamoja tangu Julai 2010, anakuja, anagongewa stempu ya miezi sita bure, anakaribishwa. Lakini stempu ni ya kutembea, si ya kufanya kazi. Kwa hivyo ameingia halali Jumatatu na kufika Jumatano amekuwa mvunja sheria, na kosa lake ni kuchemsha mayai. Hapo Afrika Mashariki yetu iko nusu nusu, tumefungua barabara na hatujafungua soko. Hata kufungua barabara kwenyewe ilibidi watu washtakiane: mwaka 2011 Uganda ilimrudisha wakili Mkenya Samuel Mohochi kutoka Entebbe bila kumwambia sababu, akaenda mahakama ya Jumuiya kule Arusha, na 2013 akashinda, wakasema huwezi kumfukuza raia wa Jumuiya mlangoni bila maelezo.

Na wale Waethiopia unaona kwa habari wamepatikana 30 ama 40 kwa nyumba moja huko Kasarani ama Ruai wakila mkate na maji? Hao hata Nairobi hawaitaki, wanapita tu kwenda Afrika Kusini, wameingia mpakani Moyale mikononi mwa mabroka. Kawaida wanapelekwa kortini wakiwa wamevaa zile jaketi zao, hawaelewi lugha, wanakubali kosa. Sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011, kifungu cha 53, inasema kuwa nchini kinyume cha sheria ni faini isiyozidi shilingi 500,000 ama jela isiyozidi miaka 3 ama vyote viwili. Sasa nani kati ya hao ana laki tano. Anaenda jela, tunamlisha, alafu ndio tunampeleka Moyale na lori, na broka wa nyumba mara nyingi hapatikani. Ukiniuliza mimi hata kwa hesabu ya kioski hiyo haiingii. Na kuna sheria ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, (hapo haramu inakaa vizuri, kwa sababu biashara yenyewe ndiyo chafu), inayosema aliyeuzwa asishtakiwe kwa kuwa nchini bila kibali, ila mtu lazima akae chini amuulize huyo kijana alidanganywa ama alilipa mwenyewe, na kwa kesi ya dakika kumi hakuna wa kumuuliza.

Mgeni wa Kilimani, mtaa wa wenye pesa, sasa. Yuko kwa kahawa ya bei na laptopu, aliingia kama mtalii, anafanya kazi ya shirika ama kampuni yake ya huko nje, miezi minane sasa. Kibali cha mwekezaji peke yake kinataka mtu aonyeshe mtaji wa dola 100,000, kwa hivyo wengi wanajikalia tu. Sijawahi kusikia lori la polisi limeegeshwa nje ya ile kahawa saa nane usiku. Nitakuwa mkweli, mwaka 2018 Fred Matiang'i akiwa waziri alitoa siku 60 wageni wote wakaguliwe vibali na safari hiyo hata maofisi ya Westlands yaliguswa kidogo, lakini kwa kawaida unajua msako ukianza unaanzia wapi.

Na wa mwisho ni yule hajatoka popote. Wamakonde waliletwa kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa pwani, wakazaa, wajukuu wakazaa, na bado hawakuwa na kitambulisho mpaka Oktoba 2016 walipotembea kutoka Kwale kuja Nairobi kumuona Rais Uhuru, na mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43. Washona walikuja miaka ya 60 wakihubiri kutoka Zimbabwe ya leo, wakakaa Kinoo na Githurai wakichonga viti na kusuka vikapu, Jamhuri Dei ya 2020 ndio ikatangazwa wapewe uraia. Wapemba wakafuata 2023. Hao wote kwa miaka zaidi ya 50 polisi akiwasimamisha walikuwa "haramu" kwa nchi waliyozaliwa. Upande wa kaskazini kuna kinyume chake, Wakenya Wasomali wa Garissa ambao wakati wa ukame wazazi waliwaandikisha kambini ili wapate chakula na matibabu, wakifika miaka 18 wanaenda kuchukua kitambulisho kompyuta inawaambia nyinyi ni wakimbizi. Na ukidhani hiyo ni ya maskini tu mkumbuke Miguna Miguna, mzaliwa wa hapa, aligombea ugavana wa hili jiji 2017, Februari 2018 akapakiwa ndege kupelekwa Canada kama mgeni, korti ikasema ni makosa, na hakurudi mpaka Oktoba 2022.

Hao wote ndio tunawaita kwa neno moja. Kwa hivyo mtu akikwambia "warudishwe" kwanza umuulize nani na wapi.

Sasa yale maswali mawili. La kwanza ni nani abaki na nani aende. Hapo watu wenye akili wanaweza kutofautiana, nchi ina haki ya kuchagua na hata hao wakimbizi wenyewe wanajua hivyo. La pili ni mtu atendewe nini akiwa mikononi mwako, na hili sioni kama ni la maoni, katiba ya 2010 imelimaliza. Kifungu cha 28 kinasema kila mtu ana heshima ya utu, hakisemi kila raia. Cha 49 kinataka aliyeshikwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, aambiwe sababu kwa lugha anayoelewa. Kwa hivyo unaweza kabisa kuamini kijana wa mayai arudi Gitega na bado ukasimama kidete asipigwe na asilale siku tano kwa seli bila kuonana na hakimu. Yule mzee wa kwetu angeelewa hivyo pengine tusingepandishiana sauti, maana ukimuuliza taratibu hata yeye hakutaka jamaa apigwe.

Aprili 2014 tulichanganya hayo maswali na tukaona matokeo. Shambulio la Westgate, lile duka kubwa, lilikuwa limetokea Septemba 2013, watu 67 wameuawa, kukawa na mabomu Eastleigh yenyewe, watu walikuwa na hofu ya kweli na sitaki mtu aicheke. Serikali ikaanzisha msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu wakashikwa hasa Eastleigh, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani, kule tunaendaga kushangilia mpira. Wengine walikuwa na kadi halali, wengine ni Wakenya kabisa ila jina na sura vimewaponza, na familia zikawa nje ya geti zikiulizia. Karibu mwaka mmoja baada ya hapo, Aprili 2015, Garissa University ikashambuliwa, wakauawa watu 148, na mmoja wa wale waliobeba bunduki alikuwa Mkenya, kijana aliyesoma sheria hapa Nairobi. Nasema tu kwamba Kasarani haikuangalia huko.

Kitu kingine misako huacha ni bei. Mtu wa Eastleigh atakwambia kwa utani kwamba polisi humuita ATM, na Human Rights Watch mwaka 2013 waliandika juu ya wakimbizi na waomba hifadhi wasiopungua 1,000 walioporwa, kupigwa au kubakwa na polisi huko kwa majuma machache tu kati ya Novemba 2012 na Januari 2013. Ukitoa elfu mbili unaenda nyumbani, na wiki ijayo unatoa tena. Wale husema "sheria ifuatwe tu" mimi naungana nao, ila sheria yenyewe ikifuatwa anayeshikwa anaona hakimu, na huyu wa elfu mbili hajawahi kumuona. Na fikiria, polisi wa aina hiyo angependa kinyozi wetu apate karatasi kamili? Atakula wapi?

Tuje kwa kazi, kwa sababu hapo ndipo moto uko. Juni 2019 Jaguar akiwa mbunge wa Starehe aliwapa wafanyabiashara wa nje, Watanzania na Waganda na Wachina na Wapakistani, saa 24 waondoke ama watolewe kwa nguvu. Akashikwa, serikali ikajitenga naye, bunge la Tanzania likawaka. Lakini watu wengi sokoni Gikomba walimpigia makofi, na si kwa sababu ni wabaya. Mama anauza mitumba kwa mkopo, mwenye kontena mwenyewe anakuja kuuza rejareja kando yake, huyo mama ana kesi. Na fundi wa ujenzi anayelalamika kwamba mgeni anakubali mia nne mahali yeye anataka mia nane, naye ana kesi. Ila uliza mgeni anakubali mia nne kwa nini. Anakubali kwa sababu akidhulumiwa hawezi kwenda ofisi ya leba, anayo siri na kontrakta anaijua. Ukimpa kibali siku hiyo hiyo anaanza kuitisha mia nane kama wewe. Na katika makelele yote ya saa 24 sijasikia mtu akitaja kontrakta.

Miaka sita baadaye kibao kikageuka. Julai 2025 Tanzania ikatoa amri, biashara 15 ndogo ndogo mgeni asifanye, kurekebisha simu, wakala wa pesa za simu, saluni, kuongoza watalii na nyinginezo. Wakenya waliwaka! Ati undugu uko wapi, ati soko la pamoja. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu kwa sababu kuna jamaa namjua kabisa alishangilia ile ya 2019 na safari hii alikuwa anaomboleza kama mtume.

Na hawa wa Marekani wanaofanya tuseme woi, kwao debate ni hii hii ila kwa kipimo kingine, watu wanaokadiriwa milioni 11 ama zaidi. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan, ambaye hakuwa mtu wa kulegeza, alisaini sheria iliyowapa watu karibu milioni 2.7 karatasi. Wanaopinga msamaha wanaitaja hiyo hiyo kama ushahidi wao: waliahidiwa waajiri watabanwa, waajiri hawakubanwa, na miaka 20 baadaye idadi ilikuwa kubwa kuliko mwanzo. Hiyo hoja ina uzito, sitaificha. Tangu Januari 2025 Donald Trump ameenda upande wa pili, kufukuza kwa wingi, na huku kwetu zile simu za Jumapili zikapungua sauti. Mwaka 2024 Wakenya wa nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, zaidi ya nusu kutoka Marekani. Sehemu ya hiyo ilitoka mifukoni mwa watu ambao emsii huwasemea kwa upole, na imejenga nyumba na kulipa karo ya watu wanaosema wageni waondoke Gikomba.

Kwa vitendo basi, ikiwa una jirani kama wetu. Muomba hifadhi akishikwa, barua ama risiti ya miadi ni kitu kikubwa, awe nayo mwilini na nyingine kwa simu ya jamaa. Saa 24 zinaanza kuhesabiwa anaposhikwa. Asikubali kosa kortini bila kuelewa lugha, mkalimani ni haki yake na hatoi pesa. Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya husimamia kesi kama hizo bila malipo. Na asirudishwe alikotoka kabla ombi lake halijaamuliwa, ingawa Oktoba 2024 Waturuki wanne waliokuwa na ukimbizi kamili walichukuliwa hapa hapa Nairobi na serikali ikakubali imewarudisha Uturuki, kwa hivyo hata karatasi kamili wakati mwingine haitoshi.

Kinyozi aliachiliwa siku ya tatu, sitaeleza njia gani, na pasi yake bado inasoma Machi. Jumamosi nilipofika saa moja asubuhi nikidhani nitakuwa wa kwanza nikampata yule mzee wa sheria ni sheria ameshakalia kiti na kitambaa shingoni. Sikumsemesha kitu, ndevu zilikuwa zimemzidi.